Bolti iliyokatika na ndoo ya maji uani

Alhamisi moja ya mwezi wa sita kijana wangu alirudi nyumbani saa nane mchana. Kwa kawaida hurudi giza limeshaingia, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, akiulizia chakula kabla ya salamu. Siku hiyo alinisalimia vizuri mno, akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Mzazi ukiona mtoto wa miaka 19 anakusalimia vizuri mno, jua kuna jambo.

Nilimwacha kwanza. Baadaye nikamfuata na kikombe cha chai. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kichwa cha bolti, ile ya kufunguliwa kwa spana namba 10, na shingo fupi iliyokatika.

"Nini hiki?"

"Bolti, mama. Nusu yake imebaki ndani ya hedi ya gari la mteja."

Mnaojua magari mmeshashika vichwa. Kwa sisi wengine: bolti ikikatikia ndani ya silinda hedi, haitoki kwa koleo. Inabidi itobolewe katikati, taratibu, kisha kipande kilichobaki kizungushwe kinyume kwa biti maalumu. Mkono wa mtobozi ukiyumba, hedi nzima inaharibika. Ni kazi ya fundi wa mashine na ina bei yake. Fundi anayemfundisha kijana wangu alikuwa amemwambia maneno machache tu: nenda nyumbani, kesho uje na mzazi.

Nikamuuliza alikuwa anakazia nini. Akaangalia chini.

"Toki renchi, mama. Ile uliyoninunulia."

Wapendwa wasomaji, hapo ndipo chai ilinishinda.

Alipomaliza chuo cha ufundi mwaka jana nilitaka kumpa zawadi ya kudumu. Simu ingepasuka kioo, viatu vingeisha soli. Nikashuka Kariakoo na akiba yangu, nikaingia duka la vifaa maeneo ya Gerezani. Muuzaji alinitolea sanduku la soketi, kisha akafungua boksi jekundu la plastiki. Ndani yake kulikuwa na spana ndefu inayong'aa, yenye namba zilizochongwa kwenye mpini. "Hii mama ni toki renchi, inaanzia 28 mpaka 210. Inakaza mpaka lori." Nilisikia 210 nikaona nimepata kikubwa kwa bei ndogo, shilingi 90,000. Nilitoka dukani najiona mzazi wa mfano.

Kumbe nilifanya kama mtu anayetaka kupima chumvi ya mboga, akaenda kununua mizani ya magunia.

Kesho yake nilikwenda gereji. Fundi wake ni mtu mzima, mzee wa heshima, nusu ya magari ya mtaa wetu yamepita mikononi mwake. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanikaribisha nikae juu ya tairi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali. Haukuwepo.

"Huyu kijana si mvivu, mwanangu," akaniambia. "Ana mkono mzuri. Ila jana alisubiri chombo kiseme, chombo hakikusema, naye akaendelea kuvuta. Mimi nakaza kwa mkono huu miaka yote. Mkono ukisema basi, basi."

Kisha akanitajia gharama ya kutoa bolti, shilingi 70,000. Nikalipa nusu, nusu nyingine kijana akakubali kukatwa kidogo kidogo kwenye posho yake. Sikumwambia mzee kuwa kosa lilikuwa la mnunuzi. Nilimwambia baadaye, na nitafika huko.

Nilichomwomba kijana usiku ule ni kitu kimoja: anieleweshe. Mzazi ukilipia kosa, angalau ujue kosa lenyewe. Tukakaa mezani, yeye na kitabu chake, mimi na miwani yangu.

Toki ni nguvu ya kuzungusha. Chukua fimbo ya mita moja, ishike ncha moja ikiwa imelala, kisha mwambie mtoto aning'inize paketi ya sukari ya kilo moja kwenye ncha ya pili. Ule mvuto unaotaka kupinda kifundo cha mkono wako ni karibu nyutoni mita 10. Bolti ndogo za spana namba 10 kwenye injini, mara nyingi hutaka nguvu ya kiasi hicho tu, au zaidi yake kidogo. Nati za tairi za magari madogo mengi ya Toyota hutaka 103, yaani mara kumi ya ile sukari.

Bolti ikikazwa huvutika kidogo sana, mfano wa mpira tunaofungia mifuko ya karanga. Ule mvuto wa kutaka kurudi ndio unaobana vyuma viwili pamoja. Ukikaza kidogo, gasketi haibanwi, gesi ya moto na maji vinapata njia. Ukikaza kupita kiasi, bolti inavutika isirudi tena, au inakatika, au inang'oa meno ya tundu lake, hasa injini za siku hizi ambazo hedi zake na hata bloku ni za aluminiamu. Na ukikaza moja sana na jirani yake kidogo, hedi inakaa kwa kupinda.

Sasa kosa la ile Alhamisi. Kijana alikuwa anarudishia vikofia vinavyoshikilia kam shafti. Kitabu kinasema nyutoni mita 13. Spana yetu inaanzia 28. Akazungusha mpini ushuke chini ya namba ya mwisho, akakisia kuwa 13 iko hapo, akaanza kuvuta akisubiri ule mlio wa "tik". Spana ile kubwa, kwa nguvu ndogo namna hiyo, ama hailii kabisa ama inalia kwa unyonge hata mkono hausikii. Na kwa sababu mpini wake ni karibu nusu mita, mtu hahisi kuwa anatumia nguvu. Bolti ndogo ilishapita 13, ikapita 20, kijana bado anasubiri mlio. Mlio uliokuja ulikuwa wa bolti.

Kwa hiyo somo la kwanza nililolinunua kwa fedha: kabla ya kuuliza bei ya toki renchi, uliza inaanzia ngapi inaishia ngapi. Spana za aina hii, hata zile za bei kubwa, huaminika zaidi kuanzia sehemu ya tano ya namba yake ya juu kwenda mbele. Ya 210 basi uanze kuiamini kwenye 42. Inafaa nati za tairi, inafaa bolti kubwa za chini ya gari. Kwa ndani ya injini ndogo anahitaji ya pili, fupi, ya kuishia 60 au 100, na akipata riziki zaidi ya tatu ndogo kabisa kwa bolti za namba 10. Duka lile lile lilikuwa na ile fupi, na haikuwa ghali kuliko niliyonunua. Sikuuliza tu.

Somo la pili ni la macho. Mpini una mistari miwili ya namba: upande mmoja nyutoni mita, upande mwingine futi-paundi, na futi-paundi moja ni karibu nyutoni mita 1.36. Ukisoma 29 upande usio wake, umekaza 39. Kijana amebandika utepe mweusi juu ya upande wa futi-paundi ili usimvutie. Kitabu chake kinatumia nyutoni mita, basi.

Hapa wazazi wengi wataniuliza: je, hizi za bei nafuu ni za kweli? Namba zinachongwa tu au zinapimwa? Swali zuri, nami nililiuliza kwa hasira. Kiwango cha kimataifa cha spana hizi, ISO 6789, kinaruhusu zipotoke kwa asilimia 4 tu juu au chini, kwa zile zinazozidi nyutoni mita 10. Boksi letu jekundu lina karatasi inayosema hivyo hivyo. Karatasi haigharimu kitu kuichapa.

Kijana akasema tunaweza kupima nyumbani. Tulichohitaji ni jiliwa, rula, kamba, ndoo ya maji ya lita 20 na mizani. Jiliwa lipo kwa jirani mchomelea vyuma, mizani tukaazima kwa muuza nafaka. Jumamosi asubuhi uani kwetu kukawa kama maabara, watoto wa majirani wamejaa ukutani.

Inafanywa hivi. Kile kichwa cha mraba cha spana kinabanwa kwenye jiliwa, spana ikilala usawa wa ardhi. Unapima sentimita 40 kutoka katikati ya kichwa hadi kwenye mshiko, unaweka alama, unafunga kamba ya ndoo hapo. Ndoo na maji yake vikiwa kilo 20 kwenye mizani, toki inayovuta ni kilo 20 mara 9.81 mara 0.4, sawa na nyutoni mita 78.5. Unaseti spana kwenye 78 hivi, unaachia ndoo polepole. Ikilia na ndoo hiyo, na ukipunguza jagi la maji isilie, basi spana yako ni mkweli kwenye eneo hilo.

Yetu ililia. Nilikaribia kupiga vigelegele. Kumbe spana ya boksi jekundu haikuwa mwongo, kwa mizigo mikubwa.

Tukashusha hadi 29, namba ambayo baadaye ilitupa kazi. Kwa 29 ndoo inapaswa kuwa na kilo 7.4. Kimya. Tukaongeza maji. Kimya. Ililia ndoo ilipofika kilo 9, ambayo ni nyutoni mita 35, na hapo bado hatujahesabu uzito wa spana yenyewe ambao nao unavuta kwenda chini. Yaani ukimwomba 29 anakupa zaidi ya 35. Mtoto akikuletea chenji namna hiyo dukani hutamtuma tena.

Kijana akaandika kwenye kipande cha karatasi, "USITUMIE CHINI YA 45", akakifunga kwenye mpini kwa gundi ya utepe. Mpaka leo kipo. Nadhani ile karatasi ndiyo iliyonifanya niache kuwa na wasiwasi kama huyu mtoto atakuwa fundi.

Spana fupi tuliipata mwezi uliofuata, na kabla ya kuilipia nilimwomba muuzaji ruhusa ya kuirudisha ikishindwa ndoo. Alicheka, lakini alikubali.

Kuna aina nyingine ambayo sikuijua: ile ya mshale. Haina mlio. Ni fimbo ya chuma inayopinda kidogo unapovuta, na mshale mwembamba pembeni yake unaonyesha namba kwenye kibao. Vijana hawaipendi kwa sababu inaonekana ya kizamani. Lakini haina springi ndani ya kuchoka, na mshale ukiwa hausimami kwenye sifuri unaupinda kwa vidole ukae sawa. Tatizo lake ni kwamba lazima uutazame mshale kwa kunyooka, jambo ambalo chini ya gari au kwenye kona haliwezekani. Kwa mwanafunzi mwenye mfuko mwepesi ningeanza na hiyo.

Na zile za mlio zina adabu zake. Ukimaliza kazi, rudisha mpini kwenye namba yake ya chini kabisa, ile ya mwisho iliyoandikwa, usipite hapo. Ukiiacha siku nyingi ikiwa imesetiwa juu, springi inachoka. Usifungulie bolti nayo hata siku moja, hata kama nati ni kaidi na ndiyo spana ndefu pekee iliyopo, na hapo ndipo ndugu na majirani wanaoazima wanapoharibu. Ikilia mara moja, acha. Wale wanaovuta "tik-tik-tik" kwa kujihakikishia wanaongeza nguvu kila mlio.

Sasa nirudi kwenye lile gari letu.

Tuna Toyota IST. Shemeji yangu analiendesha kama teksi, na mapato yake ndiyo yanayolipa ada ya binti yangu wa kidato cha pili. Mwezi wa nane pampu ya maji ilianza kuvuja, shemeji akawa anaongeza maji asubuhi na kuendelea na kazi. Siku moja gari lilichemsha. Likapozwa, likaendelea. Likachemsha tena. Likaanza kutoa moshi mweupe, maji ya rejeta yanachemka kama sufuria, na oili ilipotazamwa kwenye kijiti ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya hedi imeungua. Muhula unaanza baada ya wiki tatu.

Nilipeleka gari kwa mzee. Na hapo, mbele ya kijana, ndipo nilipomwambia ukweli wa ile spana: kwamba mimi ndiye niliyeinunua bila kuuliza, na kwamba tumeipima kwa ndoo. Mzee alinyamaza kwa muda. Akauliza ndoo gani. Kijana akamweleza, kwa heshima, bila lile la kumfundisha mkubwa. Mzee akasema, "Basi hedi ya mama yako utafunga wewe. Mimi nitakaa hapa."

Injini ya IST yetu ni 1NZ-FE, hiyo hiyo iliyomo kwenye Probox nyingi na baadhi ya Vitz. Hedi yake inashikiliwa na bolti 10, na zinafunguliwa kwa biti maalumu ya pembe 12 inayoingia ndani ya kichwa cha bolti. Biti hiyo ni mahali ambapo sitaki tena kusikia neno nafuu. Ya kwanza waliyoazima gereji ya jirani ilikuwa imelika kingo, ikaanza kuteleza kwenye bolti ya pili. Mzee akaisimamisha kazi papo hapo, akatuma mtu Kariakoo. Kichwa kikishavimba ndani, umerudi kwenye habari ya kutoboa.

Bolti za hedi hazifunguliwi ovyo. Huanza za pembeni kuelekea katikati, kwa hatua, zote zikilegea pamoja. Kufunga ni kinyume, kutoka katikati kwenda nje. Hedi ilipotoka waliweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake na kujaribu kupitisha kipande chembamba cha fila geji. Kitabu kinaruhusu pengo la 0.05 ya milimita tu. Yetu ilizidi, ikaenda kusawazishwa kwenye mashine. Huko fedha ilitoka, sitasema uongo.

Kilichonivutia ni usafi. Kijana alitumia nusu siku kusafisha matundu ya bolti peke yake, anapuliza upepo, anapitisha kitambaa, anatazama kwa tochi. Nikadhani anavuta muda. Kumbe oili au maji yakibaki chini ya tundu, bolti ikiingia inayasukuma, na maji hayabanwi, bloku inaweza kupasuka. Halafu uchafu na ukavu vinadanganya spana. Sehemu kubwa ya nguvu unayovuta, karibu tisa ya kumi, huliwa na msuguano wa meno na wa kichwa cha bolti. Ni kama moja ya kumi tu inayoivuta bolti yenyewe. Kwa hiyo bolti kavu yenye kutu italia "tik" kwenye 29 ikiwa haijabana kitu, na iliyopakwa oili italia ikiwa imebana sana. Toyota wanataka oili kidogo ya injini kwenye meno na chini ya kichwa cha bolti hizi. Kidogo. Si kuzichovya.

Kwa sababu ya udanganyifu huo wa msuguano, kitabu hakimalizii kwa nyutoni mita. Kinasema: kaza zote 29, kwa mpangilio. Kisha zungusha kila moja robo duara. Kisha robo duara nyingine. Mlio unatumika kuweka mwanzo sawa, na baada ya hapo ni pembe, ambayo haijali bolti ina oili kiasi gani. Gereji kubwa zina kifaa cha kupima pembe. Kijana wangu alinijia saa mbili asubuhi akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama naweza kumpa ile rangi yangu nyekundu ya kucha.

Alipaka nukta moja kwenye ukingo wa kila kichwa cha bolti, zote kumi zikitazama mbele ya gari. Baada ya robo ya kwanza nukta zote zilitazama ubavuni. Baada ya robo ya pili zilitazama nyuma. Ukisimama juu ya injini unaona kwa jicho moja kama kuna iliyosahaulika. Kulikuwa na moja, ya saba, aliyoirukia kwa sababu simu ililia. Mzee ndiye aliyeiona, akainyooshea kidole bila kusema kitu.

Hizo bolti zilikuwa mpya. Za zamani zilipimwa urefu, mbili zilikuwa zimevutika kupita kipimo, tukaamua kubadili zote. Mzee mwenyewe alikuwa na desturi ya kuzirudishia. Sikuuliza kama ataendelea nayo.

Wazazi mnaoniandikia mkiuliza mtoto anayeanza ufundi anunuliwe nini, nitajibu kwa haya niliyoyaona, si kwa utaalamu. Nyundo, bisibisi za kawaida, sahani ya kuwekea bolti, brashi ya chuma, sumaku, nunua popote kwa bei yoyote. Spana za kawaida za bei nafuu zinafanya kazi miaka mingi. Ile spana moja inayojirekebisha kwa kila nati, ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kuliandika kwenye ukurasa wa familia, aiache kabisa kwenye injini, inakula kona za bolti. Soketi achukue za pembe sita, si kumi na mbili, kwa sababu zinashika ubavu wa nati na siyo ncha zake, na kwa Toyota namba 10, 12, 14, 17 na 19 ndizo atakazozitumia kila siku. Afadhali hizo tano nzuri kuliko sanduku la vipande mia. Maandishi ya kromu na vanadiamu yaliyopigwa kwenye soketi yasimtie moyo sana, yanapigwa hata juu ya zile laini.

Racheti mbovu ni jambo lingine. Meno yake yakiruka wakati umeegemea kwa nguvu zote, vifundo vya vidole ndivyo vinavyogonga chuma. Kijana ana kovu.

Na kama una fedha ya kitu kimoja tu, usinunue hata toki renchi. Nunua stendi mbili za kusimamishia gari. Jeki ni ya kuinulia, haikushika gari juu ya mtoto wa mtu. Hapo sibembelezi, na nimemwambia mzee wake hivyo hivyo.

Gari liliwaka siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Halikuwaka mara ya kwanza, waliunganisha waya mmoja vibaya, nikakaa dakika ishirini nikiwa nimefumba macho kwenye lile tairi langu. Lilipowaka waliliacha linguruma mpaka feni ikajiwasha yenyewe, wakalizima, wakalipoza, wakatazama maji. Shemeji amepewa amri ya kufungua bonati kila asubuhi na kunitumia picha ya kijiti cha oili kwa simu. Mpaka juzi ilikuwa na rangi ya asali.

Jumamosi iliyopita, kama saa tatu asubuhi, mbwa walibweka. Nikafungua geti. Alikuwa mzee, amevaa kanzu yake safi, kwapani ameshika kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye gunia. Tukasalimiana, tukaulizana hali za nyumbani. Nikamkaribisha ndani, akasema hapana, hapa hapa uani panatosha. Akafungua gunia: toki renchi yake, nyeusi kwa umri, ambayo mafundi wote wa pale gereji huazima.

"Ile ndoo yenu," akasema, "iko wapi?"